SOMO: Kuchora njia ya baiskeli ndani ya barabara ya jiji

Habari za leo wakuu. Somo hili ni kwa wanaochora barabara, na kwa sisi waendesha baiskeli tunaoitwa kutoa maoni mchoro ukiwa umeshapitishwa. Mfano wangu ni Dar es Salaam, ndiko ninakoendesha kila siku.

Hatua ya 1: Pima vyombo vinavyopita kweli. Nenda na futikamba kwa muuza madafu: mzigo wake umetokeza kupita usukani pande zote mbili. Kisha pima guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Ndiyo maana nasema upana wa njia ya baiskeli uwe mita 2 kila upande wa barabara, na penye maguta mengi 2.5. Ukiweka 1.2, guta likitangulia wote walio nyuma watachomokea kwenye magari.

Hatua ya 2: Angalia spidi. Mtaa wa ndani wenye magari machache, weka matuta spidi ishuke hadi kilomita 30 kwa saa, baiskeli na magari wachangie njia. Barabara ya spidi 50 na kuendelea, weka kingo za zege kati ya baiskeli na magari. Mstari wa rangi haumzuii bodaboda, na mchana unageuka maegesho. Acha mapengo kwenye kingo, la sivyo masika njia inakuwa bwawa.

Hatua ya 3: Makutano, na mimi ningeanza kuchora hapa. Michoro mingi njia inakatikia hapa hapa penye hatari. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo lori linalokata kushoto ndilo linalompitia mwenye baiskeli anayenyoosha. Yuko ubavuni, dereva hamwoni. Kaza kona, yaani ichore kali zaidi, ili gari lipunguze mwendo. Sogeza kivuko cha baiskeli kama mita 5 ndani ya mtaa ambao gari linakata kuingia, dereva akifika awe ameshageuka na anamtazama mtu usoni. Kinyanyue kiwe tuta bapa. Penye taa, baiskeli ziruhusiwe sekunde chache kabla ya magari.

Hatua ya 4: Kituo cha daladala. Pitisha njia nyuma ya kituo.

Hatua ya 5: Mifuniko ya mitaro. Nondo zikatize njia, zisilale kufuata mwendo. Masika moja maji yalikuwa yamezifunika, gurudumu la mbele likatumbukia katikati ya nondo mbili, nikatua kwa bega huku basi likija nyuma yangu. Tafadhalini, jambo hili likaguliwe kabla mkandarasi hajakabidhi kazi.

MASWALI YA WANAJAMVI

Swali: Mkuu, Morogoro Road mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 njia za baiskeli zilikuwepo. Mbona wachuuzi wanapanga bidhaa humo?
Jibu: Mchuuzi anafuata abiria, na ni haki yake kutafuta riziki. Mchoro umtengee eneo lake karibu na kituo. Ukimfukuza leo, kesho amerudi.

Swali: Barabara yetu ni finyu, mita 2 nazitoa wapi?
Jibu: Njia nne za magari za mita 3.5 zikishushwa hadi 3, umepata mita 1 kila upande. Iliyobaki itoke kwenye maegesho.

Swali: Kwa nini tusiweke baiskeli za kwenda na za kurudi upande mmoja wa barabara, tuokoe zege?
Jibu: Penye mitaa mingi inayoingia, usithubutu. Dereva anayetoka mtaani kukata kushoto anatazama kulia tu, wewe unamjia kutoka kushoto. Kando ya bahari, kusikokuwa na mtaa unaoingia, inafaa.