Kununua au kuuza nyumba kupitia dalali: malizaneni haya kabla ya kutaja bei

Dalali mzuri Dar es Salaam anaokoa miezi ya kuzunguka. Anajua nani anauza kwa shida ya haraka, kiwanja gani kina mgogoro na ndugu gani hawajaelewana. Hasara nyingi hutokea pale ambapo watu wawili wanamwamini dalali mmoja, kila mmoja akidhani ni wake. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hata ya kwenda kuiona nyumba, ni hili: huyu anamfanyia nani kazi, na nani atamlipa?

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, anayefanya jambo kwa niaba yako ni wakala wako, awe na ofisi yenye kiyoyozi au anakaa kijiweni. Anatakiwa afuate maelekezo yako, akutolee hesabu, na asiingize biashara yake binafsi ndani ya yako bila ridhaa yako. Faida aliyojipatia kwa siri kupitia kazi uliyompa, unaweza kuidai. Hapo ndipo tunapofika kwenye cha juu, yaani fedha ambayo dalali anaipachika juu ya bei ya mwenye nyumba.

Chukua mfano. Mwenye nyumba anataka shilingi milioni 80. Dalali anamwambia mnunuzi ni milioni 95. Mauziano yakikamilika, muuzaji anapokea 80, anatoa asilimia 5 ya udalali, yaani milioni 4, na dalali ana 15 nyingine mfukoni. Muuzaji hajui kwamba alikuwa na mteja wa 95. Mnunuzi naye amelipa milioni 15 ambazo hazionekani popote, kwa sababu mkataba umeandikwa 80. Siku mke wa muuzaji akijitokeza kupinga na mauzo yakavunjika, mnunuzi atadai kwa karatasi, na karatasi inasema 80.

Kinga yake ni rahisi. Mnunuzi na muuzaji waonane ana kwa ana kabla ya siku ya kusaini, kila mmoja ataje bei kwa mdomo wake. Bei ya kwenye mkataba ilingane na fedha inayotoka benki, shilingi kwa shilingi. Dalali akikwambia "mwenye nyumba hapendi usumbufu, malizana na mimi", simama hapo hapo mpaka umwone mwenye nyumba.

Wapo wauzaji wanaosema wazi: "Mimi nataka 80 yangu, kinachozidi ni chako." Hayo ni makubaliano yao na dalali. Lakini wewe mnunuzi ujue kwamba dalali wa namna hiyo kila shilingi unayopunguziwa inatoka kwake, basi usimtegemee akusaidie kushusha bei.

Kama wewe ndiye unayeuza, mwandikie dalali karatasi moja, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Maneno kama haya yanatosha:

"Namruhusu (jina, namba ya NIDA, simu) kunitafutia mnunuzi wa nyumba yangu iliyopo (mtaa, kata, namba ya kiwanja) kwa siku 60 kuanzia leo. Bei ya kutangaza ni shilingi milioni 90, na asikubali pungufu wala kuongeza bila kibali changu cha maandishi. Malipo yake ni asilimia 5 ya bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauziano, siku fedha zote zitakapoingia kwenye akaunti yangu. Haruhusiwi kupokea fedha ya mnunuzi kwa niaba yangu."

Ukomo wa siku 60 unazuia madai ya mtu aliyekuletea mteja mmoja Januari na kurudi Desemba. Neno "zote" linakulinda pale mnunuzi anapotoa malipo ya awali kisha akaishia njiani, huku dalali ameshachukua chake. Asilimia ni mapatano. Wengi huomba kati ya 5 na 10. Na kama dalali huyo anamhudumia mnunuzi pia, bei yako ya mwisho kabisa usimtajie.

Kuna haki ya dalali pia, na wauzaji wengi huivunja. Mteja akishaonyeshwa nyumba, wanapeana namba na kumruka dalali. Ongezeni mstari: dalali ataandika majina ya aliowaleta, na yeyote kati yao akinunua ndani ya siku 90 baada ya muda kuisha, dalali analipwa. Orodha hiyo pia humaliza ugomvi wa madalali watatu wanaodai mteja mmoja. Mlipe mmoja, akupe risiti, wenzake wagawane naye.

Mnunuzi: dalali wa muuzaji asikudanganye, lakini hana wajibu wa kukuchunguzia. Omba nakala ya hati, kisha wewe au wakili wako mfanye upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yataonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha NIDA. Kama aliyeandikwa amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo "mtoto mkubwa". Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Dai la pango la ardhi ulione kabla, na mita ya LUKU pia, maana kodi ya jengo hukatwa humo tangu 2021.

Eneo halijapimwa? Waulize majirani wa pande zote nne kuhusu mipaka, na wasaini kama mashahidi. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha tu kwamba mlifika ofisini; haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki. Ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya wenyeviti wa mtaa huidai ili kushuhudia mauziano haina sheria nyuma yake. Mnunuzi na muuzaji wakatae kuilipa.

Siku ya malipo, kutaneni kwa wakili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba uwe wa maandishi. Fedha itoke akaunti ya mnunuzi iingie akaunti yenye jina lililo kwenye hati, kisha muuzaji amlipe dalali kutoka hapo. Muuzaji atenge pia kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, kwa sababu bila kuimaliza TRA uhamisho hautasajiliwa. Mkataba useme ni nani anayelipa kodi hiyo na kwa tarehe gani. Sehemu ya mwisho ya bei, hata milioni 5, ibaki kwa wakili mpaka hati isome jina la mnunuzi.