Kifua kwa wembamba wenye mikono mirefu

Wembamba wenzangu, ukilala kusukuma chuma ili kujenga kifua, mikono ikiwa mirefu chuma husafiri mbali, na mabega hupokonya kazi ya kifua. Mimi nilinyanyua chuma kizito mwaka mzima, kilichonenepa ni mabega tu. Jaribu dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono. Lala kwenye benchi, vuta mabega nyuma na chini kama unayebana kalamu katikati ya mgongo, kisha shusha dambeli polepole, hesabu hadi 3, mpaka usikie kifua kinavutika. Ndipo usukume. Mara 8 hadi 12 ni seti moja; piga seti 3, siku 2 kwa wiki. Huna dambeli? Piga pushapu, miguu juu ya kiti. Na ule! Mayai, maharage, uji wa karanga usiku. Kwa chai na andazi hakijengeki kitu.