Kuomba na Kufanya Shahada ya Utafiti katika Kriminolojia ukiwa Kazini Tanga

Mwongozo huu nimewaandikia watumishi wenzangu wa Tanga, wawe maafisa ustawi wa jamii kama mimi, askari, makarani wa mahakama au walimu, wanaotaka kusoma uzamili au uzamivu kwa njia ya utafiti katika kriminolojia, yaani elimu inayochunguza uhalifu, wanaoutenda, wanaoumizwa nao na namna jamii inavyoukabili. Utafiti wangu ulihusu magendo yanayopitia bandari bubu, yaani sehemu zisizo rasmi za kushushia mizigo, za mwambao wa Pangani. Kijiji sikitaji, na sababu utaiona mbele. Muda mwingi zaidi uliniishia katika kutafuta njia ya kuwafikia watu na kumbukumbu, kuliko katika kuandika. Ndiyo maana katika kila hatua nitauliza mlango uko wapi na ufunguo anao nani.

Hatua ya 1: Chagua swali lenye mlango

Mada kama "uhalifu wa vijana nchini Tanzania" haifikiki, kwa sababu data zake zimetawanyika kwa watu wengi mno na hakuna hata mmoja utakayemwandikia barua moja akakupa unachotaka. Kabla ya kuipenda mada, andika kwenye karatasi data zake zinashikwa na nani.

Mimi nilianza vibaya. Nilikusudia kuhesabu kesi za magendo katika majalada ya mahakama, nikakuta ni chache mno zikilinganishwa na magunia ya sukari na madumu ya mafuta ya kula niliyoyaona kwa macho yangu yakiteremshwa ufukweni alfajiri. Sababu niliipata katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo inamruhusu Kamishna wa forodha kulimaliza kosa kwa makubaliano, mkosaji akikiri kwa maandishi na kulipa anachotakiwa, bila shauri kufika kwa hakimu. Kwa hiyo jalada la mahakama linaonyesha sehemu ndogo tu ya yanayotendeka. Takwimu za polisi nazo zina upungufu wa aina hiyo, kwa kuwa zinahesabu kilichoripotiwa na kuandikwa.

Hapo nadharia ikanisaidia. Wanasosholojia Cohen na Felson waliandika mwaka 1979 kwamba uhalifu hutokea pale mtu mwenye nia, kitu kinachotamanika na ukosefu wa mlinzi vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Katika bandari bubu walinzi hawakosekani: wapo vijana wanaopiga doria ufukweni, ila wanachokichungulia ni boti ya doria ya serikali. Swali langu likageuka: wakazi hutofautishaje biashara na magendo, na tofauti hiyo huamuaje nani ataripotiwa? Swali hilo lingejibiwa na watu ninaoweza kuwafikia kwa basi la Pangani.

Hatua ya 2: Tafuta msimamizi kabla ya chuo

Katika mfumo wa sifa unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), uzamili ni ngazi ya 9 na uzamivu ni ngazi ya 10. Ukisoma kwa utafiti, uzito wote unabebwa na tasnifu, hivyo msimamizi ana maana kubwa kuliko jina la chuo. Usitafute neno "kriminolojia" katika jina la shahada peke yake. Nchini kwetu wenye ujuzi huu wengi wamo katika idara za sosholojia, sheria na ustawi wa jamii. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo Tanga mjini, na kwa mtu asiyeweza kuacha kazi hilo si jambo dogo. Kwa wanaotazama nje, Cambridge nchini Uingereza ina taasisi ya kriminolojia tangu mwaka 1959, na Cape Town ina kituo chake. Kwa masomo ya Uingereza ziko pia fursa za ufadhili wa Jumuiya ya Madola.

Mwandikie msimamizi barua pepe fupi na uambatishe wazo lako katika ukurasa mmoja. Wawili niliowaandikia walikaa kimya. Wa tatu alijibu kwa neno moja: "Utawafikiaje?" Nilitumia mwezi mzima kumjibu, na jibu hilo ndilo lililokuja kuwa sura yangu ya mbinu za utafiti.

Hatua ya 3: Andika andiko la utafiti

Andiko linahitaji tatizo, mapitio ya maandishi, maswali, nadharia, mbinu, maadili, ratiba na bajeti. Mengi ya hayo chuo kitakupa muundo wake. Ratiba ndiyo inayopuuzwa. Ya kwangu ya awali ilipanga mahojiano mwezi Juni, wakati kusi inavuma kwa nguvu na vyombo vidogo vinapunguza safari. Msimamizi, ambaye ni mtu wa bara, hakuliona kosa hilo, aliyelicheka ni muuza samaki mmoja wa pale sokoni Deep Sea. Tazama pia Ramadhani inaangukia lini, maana mahojiano ya saa kumi jioni na mtu aliyefunga ni kumwonea.

Hatua ya 4: Wasilisha maombi

Hapa ni kazi ya karani: vyeti, matokeo ya shahada ya kwanza, cheti cha kuzaliwa, wadhamini wawili wa kitaaluma, na ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Aliyesoma nje ahakikishe shahada yake imetambuliwa na TCU mapema.

Hatua ya 5: Fuata mlolongo wa vibali

Chuo kitakupa barua ya kukutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi hata kama mtendaji ni shemeji yako. Wanaotoka nje ya nchi huomba kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Ruhusa ya kuwahoji wafungwa wa gereza la Maweni au askari wa kituo chochote huombwa makao makuu ya jeshi husika, nayo huchukua miezi. Na kama mashua unazozichunguza zinakwenda Unguja, kumbuka kwamba Zanzibar ina utaratibu wake. Kibali cha Bara hakivuki maji.

Barua yangu iliwahi kulala wiki tatu katika masjala ya ofisi moja kwa sababu haikuwa na kumbukumbu namba. Tangu siku hiyo hubeba nakala tano, na moja huipigisha muhuri wa "imepokelewa" nikiwa nimesimama palepale.

Hatua ya 6: Linda watu wako uwandani

Fomu ya ridhaa niliyopewa na chuo ilikuwa na mstari wa sahihi. Nahodha mmoja mzee, baada ya kuitika shikamoo yangu, aliigeuza karatasi ile pande zote mbili, akanirudishia. "Mwanangu, huku anayetia sahihi ni mwenye mkopo au mwenye kesi. Wewe unanitaka kwa lipi?" Nilirudi kwenye kamati ya maadili, nikaomba ridhaa ya mdomo, na nikaruhusiwa. Ombeni ridhaa ya mdomo tangu mwanzo.

Mtafiti si wakili, na maongezi yake na mhojiwa hayana kinga ya maongezi ya wakili na mteja wake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, nayo inamwekea anayejua kosa wajibu wa kutoa taarifa. Kwa hiyo mweleze mhojiwa kabla hajaanza kwamba hutaki jina, tarehe wala jina la chombo. Uliza "huwa inafanyikaje" badala ya "wewe ulifanya nini". Wiki ya kwanza niliandika majina halisi kwenye daftari, kisha nikalisahau katika kiti cha basi. Kondakta alinirudishia siku iliyofuata, ila usiku ule sikulala. Tangu hapo wahojiwa wakawa M1, M2, M3, na orodha ya majina haikuwepo popote. Zingatieni pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Niliandika "mzee mwenye mashua mbili na mguu mbovu", na msaidizi wangu, mzaliwa wa huko, akacheka: kijiji kizima kinamjua. Nikafuta mguu, nikafuta mashua, na mwisho nikafuta kijiji.

Hatua ya 7: Andika, tetea, rudisha

Andika kila wiki, hata ukurasa mmoja, na marejeo yapange kwa programu ya bure kama Zotero. Katika utetezi wa tasnifu utaulizwa zaidi juu ya mbinu kuliko matokeo, hivyo nenda na daftari la uwandani lililosafishwa. Masahihisho yajibu moja moja katika jedwali.

Baada ya hapo andaa muhtasari wa kurasa 2 kwa Kiswahili, umpelekee mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi. Kabla ya kuuchapa mpe mwenyeji mmoja unayemwamini ausome, na umuulize swali moja tu: humu ndani umemtambua nani? Akitaja hata mtu mmoja, rudi ukafute.