Jinsi ya Kukokotoa kwa HP-35 ya Mwaka 1972

HP-35, kikokotoo cha kisayansi cha mkononi ambacho Hewlett-Packard ilikitoa mwaka 1972 kwa dola 395 za Marekani, hakina kitufe cha sawasawa wala mabano, hivyo anayekishika mara ya kwanza hana budi kuanza kwa kubadili mpangilio wa hesabu kichwani mwake. Namba hutangulia, alama ya kitendo hufuata.

Ili kupata (3 + 4) × (5 + 6), bonyeza 3, kisha kitufe kipana cha ENTER, 4, halafu +. Endelea na 5, ENTER, 6, +, na mwishowe ×. Kioo kitaonyesha 77 kwa tarakimu nyekundu, kwa kuwa jumla ya kwanza ilisubiri katika rafu ya kumbukumbu yenye ngazi nne wakati ukitafuta ya pili.

Kwenye vipeo, kuwa mwangalifu, maana namba iliyo kwenye kioo ndiyo inayopandishwa: kwa 2 kwa kipeo cha 5, ingiza 5, ENTER, 2, kisha kitufe cha kipeo, upate 32. Mpangilio huu, kwa maoni yangu, unakera.

Ukikutana na nakala ya awali, ingiza 2.02, bonyeza ln (logi asilia), kisha kitufe cha e kwa kipeo cha x, ambacho hutengua ln. Ikijibu 2 badala ya 2.02, basi ina ile hitilafu maarufu ambayo matoleo ya baadaye yaliirekebisha.