Usingizi ukikukimbia nawe unatumia ARV

Usiache dawa, wala usikimbilie valiamu ya duka la mtaani; mwili huizoea upesi, na kuiacha baadaye ni kazi. Anza kuangalia saa unayomeza kidonge.

Wengi kwenye CTC (kliniki za tiba na matunzo ya VVU) za Dodoma sasa wanatumia TLD, yaani tenofovir, lamivudini na dolutegravir katika kidonge kimoja. Dolutegravir huwakesha baadhi ya watu. Dawa ya zamani, efavirenzi, ilimezwa usiku ili kizunguzungu kikukute umelala, na waliobadilishiwa wakabaki na saa tatu usiku kwa mazoea tu. TLD haina sharti hilo. Mweleze muuguzi, kisha hamishia asubuhi: leo saa tatu usiku, kesho saa moja asubuhi, uendelee hapo. Usiruke dozi ya usiku ili usubiri asubuhi. Hapo utakuwa umekaa masaa 34 bila dawa. Anayetumia efavirenzi bado, abaki usiku, asiimeze juu ya chakula cha mafuta mengi. Ndoto zitamsumbua zaidi.

Asubuhi nako kuna mtego. Mjamzito ana vidonge vya madini ya chuma, mwenye kiungulia ana vya magnesiamu. Vyote hushikana na dolutegravir tumboni, dawa isiingie vizuri mwilini. Vya chuma unaweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa unakula chakula, si chai kavu. Kama hujala, meza TLD masaa mawili kabla ya chuma au masaa sita baada yake. Vya kiungulia vitenganishe hivyohivyo hata ukiwa umeshiba.

Anayetibiwa TB kwa rifampisini huongezewa dolutegravir 50 mg, masaa 12 baada ya TLD. Ameze saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, asingoje saa ya kulala.

Bado hulali? Shika daftari wiki mbili: saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka, mara ngapi umeshtuka, umekunywa nini. Kahawa na chai ya rangi kali viishie saa nane mchana. Mvinyo wa zabibu hulaza haraka, kisha saa tisa usiku uko macho. Amka saa ileile hata baada ya usiku mbaya, na ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani.

Daftari likionyesha unaamka alfajiri kila siku huku moyo mzito, huna hamu ya kula wala ya watu, omba CTC wakupime sonona. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 huhitaji kuangaliwa kwa karibu. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, huwatisha watu bure, na mara nyingi matibabu huanzia palepale kliniki. Popote utakapoandikiwa dawa, onyesha kadi ya CTC: carbamazepini ya kifafa, kwa mfano, hushusha dolutegravir mwilini na dozi lazima ibadilishwe.

Ukiwaza kujiua, ukisikia sauti, au kichwa kikiuma vikali pamoja na homa na kuchanganyikiwa, nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako.