Namna ya kupiga picha fashifashi za usiku wa Mapinduzi

Usiku wa kuamkia Januari 12, ikifika saa sita, fashifashi (fataki) hurushwa Maisara, mjini Zanzibar, kuadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964. Asubuhi yake watu hutumiana picha, na nyingi ni za aina moja: doa jeupe juu ya moshi, mistari imeyumba, rangi zimeungua. Kamera mara nyingi haina kosa lolote. Kijana wa dada yangu, aliyenunua kamera yake ya kwanza ya mtumba, aliniomba nimwelekeze kabla ya sherehe, na haya ndiyo tuliyopitia pamoja. Kama utashika moja tu, shika hatua ya fokasi, yaani kuilenga lenzi mpaka picha iwe kali.

Hatua ya 1: Vifaa

Kamera yoyote inayokubali kupangwa kwa mkono, stendi ya miguu mitatu, betri iliyojaa na waya wa kufyatulia. Waya wa bei rahisi unatosha kabisa. Lenzi, mimi nachukua ya milimita 35 au 50 isiyovuta. Lenzi ndefu iache nyumbani ikiwa utakuwa karibu, maana fashifashi zinafunguka kwa upana na utakuwa unakata vichwa usiku kucha.

Kwenye stendi sina masihara: nunua nzito, hata kama ni kuukuu. Zile nyepesi zinatikisika kwa upepo wa kaskazi, na Januari kaskazi ndiyo msimu wake. Tundika mkoba wako chini ya stendi ili itulie.

Hatua ya 2: Pahala pa kusimama

Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo moshi wa Maisara unasukumwa kuelekea baharini. Ukisimama upande wa ufukweni, moshi wote unakujia usoni na baada ya fashifashi chache za mwanzo huoni kitu. Simama upande wa mjini: Mnazi Mmoja, au juu zaidi Kikwajuni. Hapo moshi unakukimbia.

Kama una jamaa kwenye yale majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, bisha hodi mapema uombe nafasi ya juu. Nyumba za Mji Mkongwe zina mandhari nzuri, lakini sakafu nyingi za juu zimelala kwenye boriti. Mtu akipita nyuma yako tu, kamera inatikisika na mstari wa fashifashi unatoka kama mwandiko wa mgonjwa. Ukipiga huko, weka stendi karibu na ukuta na uwaombe watu watulie.

Nenda mchana ukaangalie miti, nguzo na nyaya. Ikulu na kambi za jeshi usizielekezee kamera, na droni usirushe bila kibali. Maisara ndipo palipozoeleka, ila sikiliza matangazo ya mwaka wenyewe.

Kuna njia rahisi ya kujua uko mbali kiasi gani: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mshindo. Sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ukifika kilomita mbili, hapo sasa lenzi ndefu ina kazi.

Hatua ya 3: Fokasi

Hapa ndipo picha za watu wengi zinapopotea, kwa hiyo tutakaa.

Gizani kamera haioni cha kushika. Ukiiachia fokasi ya wenyewe, inakwenda mbele na nyuma, na fashifashi inazimika kabla haijaamua. Kwa hiyo fika saa nne na nusu au saa tano, fungua stendi, na uhamishe kile kiswichi cha lenzi kutoka AF (fokasi ya wenyewe) kwenda MF (fokasi ya mkono).

Usiiamini ile alama ya nane iliyolala, inayomaanisha mbali kabisa. Lenzi nyingi za siku hizi zinapita alama hiyo kidogo, ili ziweze kufanya kazi kwenye joto na baridi. Ukizungusha mpaka mwisho, umeshavuka, na kila kitu kitakuwa na ukungu mwembamba ambao huuoni kwenye kioo kidogo cha kamera, unauona kesho yake kwenye kompyuta.

Fanya hivi. Tafuta taa ya mbali, ya barabarani au ya meli iliyotia nanga. Kama hakuna, na mawingu yameachia, inua kamera utafute Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote, ambayo Januari saa sita za usiku iko juu sana kwetu. Washa kioo cha nyuma, kuza picha mara 10, kisha zungusha pete ya lenzi polepole. Ile nukta ya taa itapungua, itapungua, kisha itaanza kuvimba tena. Rudi nyuma mpaka iwe ndogo kabisa. Piga picha moja ya jaribio, ikuze, itazame. Ukiridhika, bandika utepe wa karatasi juu ya pete na mkono wako usiiguse tena.

Sasa tahadhari zake. Kama lenzi yako ni ya kuvuta, chagua kwanza ukubwa wa picha, halafu ndiyo ushike fokasi. Lenzi nyingi ukivuta fokasi inahama, hata kama pete hukuigusa. Pili, zipo lenzi ambazo pete yake haishiki chuma bali inaendeshwa na umeme. Hizo, kamera ikilala au ukiizima kuokoa betri, baadhi zinasahau ulipoziacha. Ingia kwenye mipangilio, ondoa kulala kwa kamera, na beba betri ya pili. Tatu, zima kizuia mtikisiko cha lenzi. Juu ya stendi kinaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta chenyewe. Nne, saa sita kasoro robo rudia kuikagua taa yako, maana lenzi iliyotoka kwenye ubaridi inaendelea kubadilika inapopata joto.

Na hapo kwenye ubaridi kuna adui mwingine. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi ukaitoa kamera kwenye joto letu lenye unyevu, kioo kinafunga mvuke papo hapo. Usiufute, utarudi na utaacha michirizi. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa au zaidi, ipate joto taratibu. Ndiyo maana namwambia kila mtu: siku hiyo kamera isikae chumba cha kiyoyozi kabisa.

Kwa lenzi ya 35 kwenye tundu la f/8, fokasi ikiwa kwenye taa ya mbali, kuanzia mita chache mbele yako mpaka fashifashi vyote vinaonekana sawa. Kwa hiyo watu walio mbele yako wakiinua simu zao, wataingia kwenye picha vizuri.

Hatua ya 4: Mwanga

ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 100. Tundu la lenzi f/8, au f/11 ukiwa karibu (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Muda weka Bulb, yaani kamera inabaki wazi kadiri unavyobonyeza. Flashi zima. Piga kwa RAW, faili ghafi la picha. Kile kipunguza chenga cha picha za muda mrefu kizime pia, kwa sababu kila picha ya sekunde nne kinakuchelewesha nyingine nne.

Elewa hili: fashifashi inajichora yenyewe kwa kupita. Ukiongeza muda, unaongeza urefu wa mistari na idadi ya maua ya fashifashi zinapofunguka, pamoja na mwanga wa mji. Ung'avu wa mstari wenyewe unautawala kwa tundu na ISO. Nyekundu inatokana na strontiamu, kijani bariamu, buluu shaba, na buluu ndiyo ngumu na dhaifu kuliko zote. Ukifungua tundu mno, hizi zote zinageuka nyeupe.

Wa simu, ingia hali ya kupanga kwa mkono: ISO 100 au ya chini kabisa, sekunde mbili, fokasi mbali, simu juu ya stendi, na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise.

Hatua ya 5: Kufyatua

Bonyeza ukiona cheche inapanda, achia maua yakianza kuzimika. Mara nyingi ni sekunde mbili mpaka tano. Usitazame kioo, tazama mbingu. Dakika za mwanzo ndizo safi kuliko zote, usizipoteze kwa kurekebisha.

Ukitaka maua mengi kwenye picha moja, acha kamera wazi na uzibe lenzi kwa kipande cha boksi jeusi kati ya moja na nyingine, bila kuigusa. Zikianza kurushwa nyingi kwa mkupuo, punguza tundu mpaka f/16 au achia baada ya sekunde moja.

Hatua ya 6: Nyumbani

Futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, kwa ajili ya chumvi ya bahari. Nakili picha zote kabla ya kulala. Ukikaa kwenye kompyuta, shusha sehemu zenye mwanga mkali kwanza; rangi nyingi unazodhani hazipo zimejificha humo. Kitelezi cha kuongeza rangi kiguse mwisho, na kidogo.