Jinsi ya Kufundisha Nadharia ya Chembe za Maada kwa Vifaa vya Nyumbani

Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba maada yote imeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ataikariri sentensi hiyo na kuiandika kwenye mtihani, lakini moyoni ataendelea kuyaona maji kuwa kitu kimoja kilichoungana kisicho na mwanya wowote. Ndiyo maana namshauri mwalimu, au mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani, asianze na fasili ubaoni. Aanze na tukio ambalo mwanafunzi atashindwa kulieleza mpaka azikubali chembe hizo.

Andaa bomba la sindano lisilo na sindano yake, glasi mbili zinazofanana, rangi ya chakula, maji ya moto na ya baridi, kikombe, maharage makavu na ulezi.

Vuta hewa ijae kwenye bomba, ziba tundu kwa kidole, kisha mwambie mwanafunzi asukume. Hewa itabonyea mpaka ichukue nafasi ndogo sana, na akiachia, kijiti cha kusukumia kitarudi nyuma chenyewe. Sasa jaza maji bila kuacha kiputo cha hewa, uzibe tundu, asukume tena. Safari hii kijiti kitagoma. Uliza: hewa imewezaje kubanwa ilhali hakuna iliyotoka, na kwa nini maji yamekataa? Usiwape jibu haraka. Waache wabishane, kwa sababu katika mabishano hayo ndipo mmoja wao atasema kwamba huenda hewa ina nafasi tupu ndani yake, na wazo lililotoka kwa mwanafunzi mwenzao hushika kuliko lile lililotoka kwa mwalimu.

Kuwaonyesha kwamba hata kimiminika kina nafasi, ingawa ni ndogo, pima kikombe kimoja cha maharage na kimoja cha ulezi, uvichanganye na kutikisa, kisha upime tena: hutapata vikombe viwili kamili, kwa kuwa ulezi umeingia katikati ya maharage. Huu ni mfano tu, wala haujathibitisha lolote kuhusu maji. Shule yenye maabara ithibitishe kwa kuchanganya mililita 50 za maji na mililita 50 za ethanoli (aina ya alkoholi) isiyochanganywa na maji, mbali na moto, ambapo mchanganyiko hupungua hadi takriban mililita 96 au 97 badala ya 100.

Hapa pana kosa ambalo nawasihi walimu walishughulikie kwa subira kuliko jingine lolote. Ukiuliza kati ya chembe na chembe kuna nini, wanafunzi wengi watajibu kuwa kuna hewa. Usiwakemee, maana katika maisha yao kila kitu kinachoitwa kitupu, iwe chupa au chumba, kina hewa ndani yake. Waulize badala yake: hewa yenyewe imeundwa kwa nini? Wakijibu kwamba imeundwa kwa chembe, endelea: basi kati ya chembe hizo za hewa kuna nini? Swali hilo likirudiwa mara mbili au tatu, wao wenyewe hufikia jibu kwamba hakuna kitu kabisa.

Sasa ingia kwenye mwendo. Mimina maji baridi katika glasi moja na ya moto katika nyingine, uyaache yatulie, kisha dondosha tone moja la rangi katika kila glasi bila kukoroga. Rangi itasambaa kote kote, na kwenye maji ya moto itasambaa upesi zaidi. Ni kweli kwamba mikondo ya maji nayo huchangia sana, lakini jambo la kusisitiza hapa ni kwamba chembe hazitulii, na joto huzizidishia kasi. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini vipande vidogo vilivyotoka kwenye chavua vikitikisika majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba vinasukumwa na chembe za maji, na vipimo vya mwanafizikia Mfaransa Jean Perrin vilivyofuata vikathibitisha hesabu zake.

Unapochora hali tatu za maada, kuwa mwangalifu na umbali. Katika yabisi chembe zimeshikamana na kutikisika pale pale. Katika kimiminika bado zinakaribia kugusana, ila huteleza na kupitana. Katika gesi zimeachana mbali. Vitabu vingi huchora kimiminika kana kwamba kiko nusu ya njia kuelekea gesi, jambo ambalo si sahihi: maji yakigeuka mvuke katika nyuzi joto 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, ujazo wake huongezeka takriban mara 1,600. Ukubwa wa kila chembe, hata hivyo, haubadiliki. Chembe ya barafu haiyeyuki, wala chembe ya chuma haitanuki chuma kinapopashwa moto. Kinachobadilika ni mwendo, mpangilio na nafasi kati yao. Taja pia kwamba barafu ni tofauti na yabisi nyingi, kwani mpangilio wa chembe zake una nafasi kubwa kuliko wa maji, na ndiyo sababu chupa iliyojaa maji hupasuka kwenye friza.

Mwisho, chemsha maji na uulize viputo vikubwa vinavyopanda vina nini ndani. Anayejibu kwamba ni hewa bado anahitaji msaada, kwani ni mvuke wa maji. Shika sahani baridi juu ya sufuria, umwonyeshe matone yanayojikusanya juu yake, kisha umwombe akuchoree chembe zile zile zikiwa majini, ndani ya kiputo, na kwenye tone la sahani.